Hatua za mtoto katika mwaka wa kwanza: tuandike nini, na tuandike vipi?

Mama Kifunguamimba ameuliza:

Ndugu wazazi na walezi, salamu kwenu. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza ambaye sasa ametimiza miezi mitatu na nusu. Tangu azaliwe nimekuwa nikiandika habari zake katika daftari la kawaida: siku alipotabasamu, siku alipoanza kunifuata kwa macho, uzito aliopimwa kliniki, na mambo mengine madogo madogo ambayo huenda hayana maana kwa mtu mwingine. Ninaandika kwa moyo, lakini sina mpangilio wowote, na maswali yameanza kunilemea.

Swali la kwanza ni la tarehe. Majuzi, akiwa amelazwa kifudifudi, mtoto alijipindua akawa chali, akashangaa mwenyewe, na tangu hapo hajarudia tena. Je, hiyo ndiyo tarehe ya kuandika kwamba amejua kujipindua, au nisubiri mpaka awe anafanya hivyo kila siku? Swali la pili ni la kulinganisha. Wifi yangu ana mtoto wa umri huohuo, na kila tunapozungumza najikuta nimefungua daftari kutafuta nani ametangulia. Mume wangu anasema daftari linanizidishia wasiwasi na kwamba afadhali niliweke kando. Swali la tatu ni hili: simu yangu imejaa picha na video, kila moja ikiwa na tarehe yake, je, hizo hazitoshi?

Ningefurahi kusikia kutoka kwa waliokwisha kuumaliza mwaka huo wa kwanza, na hasa kutoka kwa yeyote mwenye ujuzi wa afya ya watoto.

Nesi Mstaafu amejibu:

Mwanangu, hongera kwa malezi, na usiliache hilo daftari. Nimefanya kazi katika kliniki ya watoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mzazi aliyekuja na maandishi, hata yakiwa hayana mpangilio, alinirahisishia kazi kuliko yule aliyekuja na kumbukumbu peke yake.

Kuhusu tarehe, andika mbili. Ya kwanza ni ya siku uliyoona jambo kwa mara ya kwanza, na ya pili ni ya siku ambayo mtoto analifanya kila anapotaka. Kati ya tarehe hizo zinaweza kupita wiki kadhaa, na muda huo wenyewe ni habari. Kujipindua kwa mara ya kwanza kutoka kifudifudi hadi chali mara nyingi hutokea kwa bahati tu: mtoto anainua kichwa, kichwa kinamwelemea upande mmoja kwa kuwa ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na kiwiliwili kinafuata. Kwa hiyo andika kama ulivyotuandikia sisi, kwamba alikuwa kifudifudi, akawa chali, akashangaa, hakurudia. Kuanzia siku hiyo, hata hivyo, usimwache peke yake juu ya kitanda hata kwa dakika moja, wala usimviringishe shuka na kumbana mikono wakati wa kulala, maana ambacho hajarudia leo anaweza kukirudia kesho ukiwa umegeuka.

Jambo kubwa ninalokuomba ni kuandika ulichokiona badala ya kuandika hukumu yako juu yake. Ukiandika kwamba mtoto "anakaa", mimi sijui kama anakaa akiegemea mto, akijishikiza kwa mikono miwili mbele yake, au akiwa wima huku mikono yake iko huru kuchezea kitu. Hizo ni hali tatu tofauti, na zinaweza kupishana kwa miezi. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2006, lililazimika kwanza kuweka bayana maana ya kila hatua. Kukaa bila msaada kulihesabiwa pale mtoto alipokaa wima, kichwa kikiwa juu, kwa angalau sekunde 10 bila kujishikiza kwa mikono. Kutambaa kulimaanisha kwenda kwa mikono na magoti, tumbo likiwa haligusi chini, kwa miondoko isiyopungua mitatu mfululizo. Kutembea peke yake kulihesabiwa baada ya hatua 5. Huna haja ya kusimama na saa mkononi, lakini maelezo ya namna hiyo yatakusaidia kujua unachokiangalia.

Sasa nije kwa wifi yako. Katika ufuatiliaji huohuo, karibu watoto wote wenye afya walianza kukaa bila msaada kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5.2 na 13.5, na kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Angalia upana wa nafasi hizo. Mtoto wa wifi yako anaweza kutembea akiwa na miezi 9 na wako akiwa na miezi 16, na wote wawili wakawa hawana tatizo lolote la miguu wala la akili. Tena, takriban asilimia 4 ya watoto hao hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Wengine walijiburuta kwa makalio, wengine walitoka kwenye kukaa wakaenda moja kwa moja kwenye kusimama dede. Ukiacha ukurasa wenye kichwa cha habari "Kutambaa" ukiwa mtupu mpaka mwisho wa mwaka, huenda hakuna kasoro yoyote.

Yapo, lakini, mambo machache ambayo ukiyaona hupaswi kuyaacha daftarini tu. La kwanza kwa uzito ni mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao: alikuwa akibwabwaja akanyamaza, alikuwa akikupungia mkono akaacha kabisa. Hilo, kwa umri wowote, ni la kupelekwa kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki. Kadhalika mtoto anayetumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine kabla hajatimiza mwaka. Watu hufurahi wakidhani ni dalili ya mapema ya kutumia mkono wa kushoto au wa kulia, kumbe upendeleo ulio dhahiri namna hiyo katika umri mdogo unaweza kuonyesha kwamba upande wa pili una udhaifu. Ongeza mtoto ambaye hajatabasamu kumjibu mtu hadi mwisho wa mwezi wa tatu, na mtoto anayeonekana mlegevu mno au mkakamavu mno kila unapombeba.

Vipimo vya mwili vinakwishaandikwa kwenye kadi ya kliniki, hivyo sioni sababu ya kuvirudia nyumbani isipokuwa unapenda. Mtoto mchanga hupungua uzito katika siku za mwanzo na kwa kawaida huurudia ule wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi; wengi huwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano, na mara tatu wanapofikisha mwaka. Muhimu hapo ni mwelekeo wa mstari kwenye chati, wala si nukta moja.

Baba Pacha amejibu:

Dada, shikamoo kwa nesi wetu aliyetangulia, na mimi niongeze mambo mawili ambayo wenye watoto njiti, kama wangu, huyapata kwa shida.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana umri wa aina mbili, na daftari lisiloonyesha yote mawili litamsumbua mzazi bure. Unachukua wiki 40 za ujauzito kamili, unatoa wiki alizozaliwa nazo, na kilichobaki unakitoa kwenye umri wa kalenda. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 32 ametangulia kwa wiki 8. Siku anapotimiza miezi 6 kwa kalenda, mategemeo yako juu yake yawe ya mtoto wa miezi 4 na kidogo. Madaktari huendelea kufanya hesabu hiyo hadi mtoto afikishe takriban miaka 2. Chanjo, kwa upande mwingine, hufuata umri wa kalenda, na wazazi wengi huchanganya hapo. Sisi tulichora safu mbili pembezoni mwa kila ukurasa, moja ya kila umri, na mazungumzo ya jamaa kuhusu "mbona bado hawajakaa" yakapoa.

Kwa wenye pacha, kila mtoto awe na daftari lake. Ukiwaandika pamoja, utajikuta unaandika mashindano.

Kuhusu simu: picha peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha mtoto amesimama lakini haionyeshi kama kuna mkono uliomshika hadi sekunde iliyopita. Video inasaidia zaidi, hasa fupi, ya nusu dakika, iliyoanza kabla ya tukio. Tatizo la video ni kwamba hakuna anayezitafuta tena zikishakuwa mamia. Chagua chache kila mwezi, uzipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu, kwa mpangilio huo, nazo zitajipanga zenyewe kwa kufuatana. Usizitegemee nakala zilizopitia kwenye programu za kutumiana ujumbe, kwa kuwa nyingi huibana picha ikapoteza ubora, na tarehe inayoonekana inaweza kuwa ya siku ilipopokelewa badala ya siku ilipopigwa. Weka nakala ya pili mahali pengine nje ya simu, kwani simu huibiwa, huanguka majini na huishia mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo watu hulijua likiwa limeshaharibika: picha ya utrasaundi unayopewa hospitalini kwa kawaida huchapwa kwenye karatasi ya joto, sawa na risiti, na hufifia kwa mwanga na joto. Ipige picha leo, kisha uitunze gizani bila kuibana kwa mashine ya plastiki, maana joto la mashine hiyo linaweza kuigeuza nyeusi yote.

Na tafadhali, kama unaweka habari za mtoto hadharani mtandaoni, usiweke pamoja jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na picha yenye alama ya mahali ilipopigwa. Hizo ni taarifa zake, naye hajaulizwa.

Mama wa Watano amejibu:

Mimi nitasema kinyume kidogo, bila kumvunjia heshima yeyote. Mume wako ana hoja. Daftari linalofunguliwa ili kutafuta nani ametangulia limeacha kuwa la mtoto wako. Weka siku moja kwa wiki, andika dakika kumi, funga. Katika siku zilizobaki mwangalie mtoto bila kalamu.

Nami ningekusihi uandike yale ambayo hayamo kwenye orodha yoyote ya hospitali: anachekeshwa na nini, anaogopa sauti gani, analala akiwa ameshika nini, nani akiingia mlangoni anarusha miguu. Wanangu wakubwa hawajawahi kuniuliza walikaa wakiwa na miezi mingapi. Huuliza walikuwa watu wa namna gani.

Zile programu za simu zinazokutumia ujumbe kwamba "wiki hii mtoto wako anapaswa" kufanya hili na lile, mimi nilizifuta.

Mwalimu wa Makuzi amejibu:

Ninakubaliana na Mama wa Watano kuhusu hizo programu, ingawa ubaya wake hutegemea orodha iliyotumika. Orodha nyingi za zamani ziliwekwa kwa kipimo cha nusu, yaani umri ambao takriban asilimia 50 ya watoto huwa wameweza jambo fulani. Kwa hesabu hiyo, nusu ya watoto wote wenye afya huonekana wamechelewa, na wazazi wao hukosa usingizi bila sababu. Mwaka 2022 taasisi ya Marekani ya udhibiti wa magonjwa, CDC, ilizirekebisha orodha zake ili kila jambo liwekwe kwenye umri ambao angalau asilimia 75 ya watoto wanatarajiwa kuliweza, na kutambaa kukaondolewa kabisa. Ukitumia orodha yoyote, tafuta kwanza kama inasema ni nusu au robo tatu, isiposema, iache.

Sikubaliani naye, hata hivyo, kwamba tarehe hazina thamani. Kumbukumbu ya mzazi ni shahidi dhaifu sana katika mambo haya. Miaka michache ikipita, wengi wetu hutaja umri wa kutembea au wa kusema kwa uhakika mkubwa na kukosea kwa miezi, na mwenye watoto kadhaa huwachanganya. Daktari anayemchunguza mtoto wa miaka minne kwa kuchelewa kusema atauliza alibwabwaja lini, na jibu la "kama wengine" halimsaidii.

Mfano mzuri wa daftari lililofanya kazi zote mbili, ya kutunza tarehe na ya kuonyesha mtoto alikuwa wa namna gani, ni la Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19. Mwanawe wa kwanza, William, alizaliwa Desemba 1839, na baba yake akaanza kuandika tangu siku za mwanzo. Maandishi hayo aliyatoa kwa umma mwaka 1877 katika jarida la Mind, mtoto akiwa mtu mzima. Aliandika kwamba siku ya saba aliugusa wayo wa mtoto kwa kipande cha karatasi, naye akauvuta mguu haraka na kukunja vidole. Aliandika tabasamu la kweli katika siku ya 45, na kwa mtoto wake mwingine katika siku ya 46. Aliandika pia kwamba, akiwa na miezi minne na nusu, mtoto alikuwa akiitabasamia sura ya baba yake na sura yake mwenyewe ndani ya kioo kana kwamba ni watu. Tazama anavyofanya: umri, jambo lililotokea, na mazingira yake, kisha maoni yake yanafuata yakiwa yamejitenga. Hayo ndiyo maandishi yanayoweza kusomwa na mtu mwingine baada ya miaka mingi na bado akaelewa kilichotokea.

Mama Kifunguamimba amejibu:

Ninawashukuru nyote, na shikamoo mama nesi. Nimekwisha kuchora safu ya tarehe mbili, na picha ya utrasaundi nimeipiga picha jana usiku. Kweli ilikwisha anza kufifia pembeni. Ushauri wa siku moja kwa wiki nimeusoma kwa sauti mbele ya mume wangu, naye ameufurahia kupita kiasi.

Nina swali moja la mwisho. Jamaa zangu wote wananiambia neno la kwanza ndiyo tarehe kubwa kuliko zote, lakini watoto hutoa sauti za kila namna, na kila anayesikia "mamama" anadai ameitwa. Nitajuaje kwamba hilo sasa ni neno? Na nyumbani kwetu tunazungumza lugha mbili. Je, nihesabu kila lugha peke yake?

Nesi Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Usingoje neno. Mazungumzo ya mtoto huanza mapema zaidi, na ukiandika neno la kwanza peke yake utakuwa umeanzia katikati ya safari. Andika kwanza sauti laini za koo anazotoa sasa ukimsemesha, na kama ananyamaza kukusikiliza kisha akajibu. Andika siku anapoanza kuunganisha silabi, "bababa", "dadada", jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miezi 6 na 10. Andika anapogeuka akisikia jina lake, anapoelewa "hapana" hata kama hatii, anapoinua mikono ili abebwe, anapopunga mkono, na hasa anapoanza kunyoosha kidole kukuonyesha kitu huku akikutazama usoni kuhakikisha kwamba nawe umekiona. Kwangu mimi tarehe hiyo ya kidole inazidi ile ya neno, kwa sababu inaonyesha kwamba ameshajua kuna mtu mwingine anayeweza kushirikishwa jambo.

Neno lenyewe lihesabu pale mtoto anapotumia sauti ileile kwa kitu kilekile, mara kadhaa, katika siku tofauti, bila wewe kumtangulia kulitamka. Si lazima litamkwe sawasawa, wala si lazima liwe neno la watu wazima. Mwalimu amemtaja Darwin: mwanawe alipofikisha mwaka mmoja alikuwa amejibunia neno lake la kuomba chakula, na baba yake akaliandika kuwa ni neno. "Mamama" ya miezi saba, inayotolewa kwa mama, kwa kijiko na kwa ukuta, bado ni mazoezi ya kinywa. Siku atakapoitoa akikutafuta wewe na kutulia anapokuona, iandike.

Lugha mbili zihesabu pamoja. Mtoto mwenye maneno matatu ya lugha moja na mawili ya nyingine ana maneno matano, na kuzitenganisha kutamfanya aonekane nyuma wakati hayuko nyuma. Andika tu pembeni kila neno ni la lugha gani na hulisema kwa nani.

Hapa lakini pana jambo moja ambalo halistahili subira. Watoto wasiosikia nao hutoa sauti katika miezi ya mwanzo, hivyo kelele za mtoto wa miezi minne hazithibitishi kwamba masikio yake ni mazima. Tofauti hujitokeza baadaye, mfululizo wa silabi unapochelewa au unapokosekana. Ukifika mwezi wa kumi na ukurasa huo ukawa bado hauna kitu, mpeleke apimwe masikio, hata kama alipimwa alipozaliwa na ukaambiwa anasikia vizuri, na uende na daftari.